Nzi wa Matunda Hajui Mpaka wa Shamba



Chukua embe bivu. Kwa nje ni zuri. Ganda lake ni la manjano na harufu yake inaita. Likate kwa kisu. Ndani unakuta nyama imekuwa maji, na funza weupe wanajinyonganyonga. Embe hilo haliliki wala haliuziki. Umelilinda tangu likiwa ua, na leo unalitupa.

Watu wengi hulitupa pale pale chini ya mwembe. Husema, "Basi, limeoza," kisha huendelea na kazi zao. Lakini embe hilo si taka tu. Ni nyumba ya kulelea nzi. Nzi watakaotoka humo hawatabaki kwako. Watakwenda kwa jirani, na wale wa jirani watakuja kwako.

Maoni yangu ni haya. Nzi wa matunda ni adui wa kijiji kizima, na kijiji kizima ndicho kinachoweza kumpunguza. Mkulima mmoja hawezi, hata akiwa hodari namna gani. Dawa ya dukani peke yake haiwezi. Utafiti wa chuo kikuu nao hauwezi, kama sisi tunaoishi vijijini hatuusomi na kuutumia.

Tuyatazame mambo haya moja moja.

MGENI ALIYEINGIA BILA HODI

Nzi wa matunda si yule nzi wa jikoni na chooni. Nzi wa jikoni hufuata vitu vilivyooza. Nzi wa matunda hutoboa tunda zima likiwa bado juu ya mti. Afrika ina nzi wake wa matunda tangu zamani. Lakini yule anayetusumbua zaidi katika maembe leo ni mgeni kutoka Asia.

Mwaka 2003 watafiti walimkuta katika pwani ya Kenya. Mwaka huo huo alikutwa pia Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Kilatini lenye maana ya "mvamizi". Mwaka 2015 wataalamu walithibitisha kwamba mvamizi huyo ni yule yule nzi wa Asia aliyejulikana siku nyingi. Jina lilibadilika, lakini tabia yake ni ile ile. Katika miaka michache alienea katika nchi nyingi za Afrika.

Nzi wa namna hii hufikaje mbali hivyo? Hakuivuka Bahari ya Hindi kwa mbawa zake. Husafiri ndani ya tunda. Mtu hubeba tunda lenye funza katika kikapu, katika lori au katika meli. Tunda likitupwa safarini, funza hutoka na kuanza maisha mapya mahali hapo.

Sasa fikiri juu ya Dumila yetu. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita hapa. Njia ya Kilosa inachepuka hapa. Njia ya Turiani iko karibu, pale Magole. Njia hizi hutuletea wanunuzi, na hilo ni jambo jema. Lakini njia hizo hizo zinaweza kutuletea nzi, na zinaweza kuwapeleka nzi wetu kwa wenzetu.

Usiseme, "Mimi sina mwembe, hayanihusu." Mwaka 2006 mgeni mwingine kutoka Asia alikutwa Tanzania. Huyu hupenda mimea ya jamii ya nyanya, hasa ngogwe na mnavu. Wapo pia nzi wanaoharibu matikiti, matango na maboga. Kwa hiyo mwenye bustani ya mboga na mwenye miembe wote wamo katika vita moja.

MAISHA YA NZI HUYU

Mwindaji hujua kwanza njia ya mnyama. Na sisi tujue njia ya nzi.

Nzi jike ana mkia uliochongoka kama sindano. Hutoboa ganda la tunda na kuweka mayai ndani. Mahali alipotoboa pana alama ndogo sana, na unaweza usiione. Katika hali ya joto, yai huanguliwa baada ya siku 1 au 2. Funza hutoka na kula nyama ya tunda kwa siku kama 10 au 11. Tunda huoza na kuanguka.

Hapo funza hutoka ndani ya tunda na kujifukia ardhini, si mbali na uso wa udongo. Mwili wake hugeuka kifuko kigumu cha rangi ya kahawia, kinachofanana na punje ya mpunga. Baada ya siku kama 12, nzi kamili hutoka katika kifuko hicho. Watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe, Nairobi, walipima jambo hili katika joto la nyuzi 28. Waliona kwamba tangu yai mpaka nzi ni siku kama 25. Jike mmoja katika maisha yake anaweza kutaga mamia ya mayai.

Tazama njia hiyo vizuri. Nzi akiwa angani, huwezi kumkamata kwa mkono. Yai likiwa chini ya ganda, hulioni. Kifuko kikiwa udongoni, hukioni. Lakini kuna mahali pamoja ambapo mkono wako unamfikia. Ni ndani ya tunda lililoanguka, kabla funza hajaingia ardhini. Ukilichelewesha tunda hilo kwa siku chache, nafasi imepotea.

WATAFITI WA MOROGORO WALIONA NINI

Mambo haya hayakutafutwa mbali tu. Yalitafutwa hapa hapa mkoani kwetu.

Morogoro mjini kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kiitwacho SUA, kilichoanzishwa mwaka 1984. Watafiti wa SUA, miongoni mwao Maulid Mwatawala, walishirikiana na Marc De Meyer wa makumbusho ya Tervuren, nchini Ubelgiji. Walitega mitego katika nyanda za chini na katika milima ya Uluguru, mpaka juu ya mita 1,600. Walikusanya matunda ya aina nyingi na kuyahifadhi mpaka nzi wakatoka. Kisha waliwahesabu, aina kwa aina.

Kazi za namna hii mara nyingi hufanywa na wanafunzi wa shahada ya uzamivu. Shahada hiyo humfanya mtu aitwe daktari. Daktari huyu hachomi sindano. Ni daktari wa elimu. Huchukua swali moja na kulifuata kwa miaka kadhaa mpaka alijue kuliko watu wengine. Swali linaweza kuwa dogo, kama hili: "Nzi huyu hula nini embe linapokwisha?" Swali ni dogo, lakini jibu lake linaweza kuokoa mavuno ya mwaka.

Haya ndiyo baadhi ya mambo yaliyoonekana Morogoro.

Kwanza, mvamizi kutoka Asia ni wengi katika nyanda za chini zenye joto. Huko juu milimani, kwenye baridi, hupungua sana. Lakini watu wa milimani wasishangilie. Huko yupo nzi mwingine, mwenyeji wa Afrika, anayestahimili baridi na kuharibu matunda ya huko.

Pili, embe na pera ni vyakula vikubwa vya mvamizi huyu.

Tatu, hesabu ya nzi si moja mwaka mzima. Hupanda sana wakati wa maembe.

Nne, katika maembe ya nyanda za chini mgeni amewazidi wenyeji. Nzi wa embe wa asili bado yupo, lakini mgeni ndiye mwingi.

Haya yana maana gani kwetu? Dumila iko chini, tena kwenye joto. Hapa ni mahali anapopapenda. Na mpera ule wa kando ya mto, ambao kila mtoto anauchuma na hakuna mtu anayeuangalia, unaweza kuwa daraja lake. Embe likiisha, huvuka kwenye pera. Msimu ukirudi, hurudi kwenye embe.

KWA NINI DAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Watu wengi huuliza, "Dawa yake iko wapi?" Swali hilo ni la haki. Mtu aliyepoteza mavuno anataka msaada wa haraka.

Lakini fikiri. Ukipulizia dawa juu ya tunda, funza yumo ndani. Ukipulizia majani, vifuko viko chini ya udongo. Dawa itaua nzi waliokuwepo siku hiyo tu. Kesho watakuja wengine kutoka kwa jirani. Mwembe mkubwa nao ni mrefu, na bomba la mgongoni halifiki kileleni. Sumu hurudi chini kwa upepo, ikakuangukia wewe usoni na kuangukia matunda yatakayoliwa na watoto.

Tena, sumu haichagui. Huua nyuki. Huua pia maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mwembe. Ni kweli, maji moto wanauma. Lakini utafiti uliofanywa Benin, Afrika Magharibi, ulionyesha kwamba mwembe wenye maji moto wengi hupata nzi wachache. Huko China wakulima walitumia chungu wa jamii hii kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Viota vyao viliuzwa sokoni. Kwa hiyo usikimbilie kuchoma kiota cha maji moto. Huenda unamchoma askari wako mwenyewe.

Sisemi kwamba kila dawa ni mbaya. Ipo dawa ya chambo. Hiyo huchanganywa na chakula anachokipenda nzi, na hupuliziwa sehemu ndogo tu ya mti, si mti mzima. Ipo pia mitego yenye harufu inayowavuta nzi dume. Vitu hivi husaidia, na bwana shamba au bibi shamba wako anaweza kukueleza matumizi yake. Lakini vinataka fedha na vinataka duka. Katika kijiji cha mbali, ambako mzigo hupanda mlima kichwani mwa mtu, duka hilo halipo. Jembe lipo. Ndoo ipo. Mikono ipo. Tuanze na vile tulivyo navyo.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Sasa tufanye hesabu. Chukua kalamu yako.

Tuseme mkulima mmoja anaokota matunda yake yote yaliyoanguka. Jirani yake haokoti. Kwa jirani yamelala maembe 10 mabovu. Tuseme kila embe lina funza 20.

10 × 20 = 200.

Hao ni nzi 200 watarajiwa. Tuseme nusu yao ni majike. Ni majike 100. Tuseme kila jike anataga mayai 100 tu.

100 × 100 = 10,000.

Ni mayai 10,000 kutoka katika maembe 10 ambayo hakuna mtu aliyeinama kuyaokota. Kweli, si yote yatakuwa nzi. Ndege watakula, sisimizi watakula, na jua litaua. Lakini hata robo yake ni 2,500. Yule mkulima hodari atafanya nini? Atachoka. Mwaka wa pili na yeye ataacha kuokota. Atasema, "Nilijaribu, haisaidii." Na hatakuwa amesema uongo. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya watu 40, naye alikuwa mmoja.

Ndiyo maana nasema kazi hii ni ya kijiji. Na siyo ndoto. Tanzania iliwahi kufanya kazi za namna hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusoma. Walikusanyika, walisikiliza redio, walisoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Walijua kwamba mbu haulizi shamba hili la nani. Nzi wa matunda naye haulizi.

Tuna mfano mwingine kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2014 Kenya iliacha kupeleka maembe yake katika soko la Ulaya kwa sababu ya nzi hawa. Iliweza kurudi mwaka 2021. Hiyo ni miaka 7 ya soko kufungwa. Njia moja ya kurudi ilikuwa kuwa na maeneo maalumu, kama kule Makueni, ambako wakulima wa eneo lote hupambana na nzi pamoja. Mnunuzi wa mbali hatazami shamba lako peke yake. Hutazama mahali pote linapotoka embe.

Labda utasema, "Sisi hatuuzi Ulaya." Ni kweli. Lakini mama anayeuza maembe kando ya barabara naye ana soko lake. Abiria akinunua ndoo na kuifungua mbele ya safari, akakuta funza, safari nyingine hatanunua hapa. Hakuna barua itakayoandikwa. Hakuna tangazo redioni. Ataacha kununua tu, na mama yule hatajua kwa nini.

TUFANYE NINI

Njia ni rahisi kueleza. Ugumu wake ni kuidumisha.

1. Wakati wa matunda, kila nyumba iokote matunda yaliyoanguka na yale mabovu yaliyobaki mtini. Ifanye hivyo angalau mara 2 kwa wiki. Kijiji kichague siku 2, kwa mfano Jumatano na Jumamosi, ili wote waokote pamoja.

2. Matunda hayo yafukiwe katika shimo. Juu yake pawe na udongo wa futi 2, ulioshindiliwa. Shimo fupi halifai, maana nzi atatoka. Asiyeweza kuchimba anaweza kuyaweka katika mfuko mzito wa nailoni usio na tundu. Aufunge vizuri na kuuacha juani mpaka funza wote wafe.

3. Usitupe matunda mabovu katika lundo la mbolea lililo wazi, wala mtoni, wala nyuma ya kibanda cha soko.

4. Chuma maembe mapema, yanapokuwa yamekomaa lakini hayajaiva. Likiivia mtini, linamngoja nzi.

5. Mapera ya kando ya mto na miembe isiyo na mwenyewe igawiwe kwa vitongoji. Kila kitongoji kijue mti wake.

6. Soko liwe na shimo lake na mtu wa kulisimamia. Tunda bovu la soko hutoka vijiji vingi, kwa hiyo hatari yake ni kubwa zaidi.

TUWAJIBU WANAOPINGA

Wapo watakaopinga, na hoja zao si za kipuuzi. Tuzijibu kwa heshima.

Wa kwanza atasema, "Kazi ni nyingi. Mvua ikinyesha tunalima mahindi. Nani ataokota maembe?" Hoja hii ni nzito, hasa kwa akina mama, ambao kazi nyingi za nyumbani zimewaangukia. Kwa hiyo kuokota kusiwe kazi ya mama peke yake. Baba achimbe shimo. Vijana waokote. Watu 4 wakisaidiana, kazi ya chini ya miembe michache ni fupi. Kuchuma maembe 100 na kuuza 60 ni kazi kubwa zaidi.

Wa pili atasema, "Nzi watatoka kijiji cha pili." Atakuwa amesema kweli. Hatutawamaliza. Anayeahidi kuwamaliza anakudanganya. Tunataka kuwapunguza, ili badala ya maembe 4 mabovu katika 10 yawe mawili au moja. Na kijiji cha pili kikiona mavuno yetu, kitauliza. Hapo tutakuwa na la kuwaonyesha.

Wa tatu atasema, "Itungwe sheria ndogo. Asiyeokota atozwe faini." Hapa mimi nina wasiwasi. Sheria ndogo ina nafasi yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoweza kuijadili kabla ya kupelekwa halmashauri ya wilaya. Lakini tukianza na faini, wa kwanza kutozwa atakuwa nani? Atakuwa bibi kizee mwenye mwembe mmoja na mgongo usioinama. Mwenye miembe 50 anayeishi mjini hataonekana. Kwa hiyo tuanze na makubaliano. Mzee asiyejiweza achimbiwe shimo na majirani. Mwenye shamba aliye mbali aandikiwe barua na aweke mtu wa kuokota. Faini ije mwisho, kwa yule mwenye nguvu aliyekataa kwa makusudi.

DAFTARI LA KIJIJI

Sasa naja kwako wewe uliyejifunza kusoma na kuandika. Kazi hii inakuhitaji.

Mtafiti wa chuo kikuu ana vyombo vingi. Lakini chombo chake kikubwa ni daftari. Huandika tarehe, mahali na idadi. Haongezi, hapunguzi. Baada ya miaka miwili hujua jambo ambalo wengine wanalikisia tu. Wewe nawe unaweza.

Chukua daftari na uchore mistari. Andika safu 4: tarehe, kitongoji, ndoo za matunda mabovu yaliyofukiwa, na maembe yaliyopimwa. Kupima ni hivi. Kila wiki chukua maembe 10 yaliyokomaa, bila kuchagua. Yaweke ndani mpaka yaive, kisha yakate na kuhesabu yale yenye funza. Kama ni 3, andika: 3 kati ya 10. Wiki ijayo fanya tena. Mwaka ujao fanya tena. Ukiona 3 imekuwa 2, kisha 1, utajua kwamba kazi inazaa. Ukiona haipungui, utajua kwamba kuna mahali nzi wanalelewa, na kijiji kipatafute.

Daftari hilo lisiwe la mtu mmoja. Lisomwe katika mkutano wa kijiji. Bila daftari, mkutano utakuwa wa maneno: huyu anasema nzi wamepungua, yule anasema wameongezeka. Mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Daftari halina sauti kubwa, lakini ni vigumu kubishana nalo.

Na daftari litakusaidia jambo jingine. Siku moja atakuja kijijini mtafiti kijana, na mitego yake, akisomea shahada ya uzamivu. Mpokee. Mwonyeshe miti. Yeye hukaa juani ili tupate jibu, na anastahili maji ya kunywa na kivuli. Lakini muulize maswali matatu. Unatafuta nini? Utarudi lini kutueleza ulichokipata? Utatuachia nini kilichoandikwa kwa Kiswahili?

Maswali hayo si ya ugomvi. Ni ya haki. Tasnifu, yaani kile kitabu anachokiandika mwishoni, mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika maktaba ya chuo. Wenzake wataisoma, na hilo ni sawa, kwa kuwa elimu hujengwa hivyo. Lakini maembe aliyoyakata yalitoka katika miti yetu. Karatasi moja ya Kiswahili, yenye maneno makubwa ya kusomeka, si zawadi. Ni deni. Mtafiti mwema hatakasirika kuulizwa. Atafurahi, kwa sababu amekutana na watu wanaotaka kutumia kazi yake.

Zamani mtu wa kijijini aliambiwa tu: "Wataalamu wamesema." Hakuweza kusoma walichosema, wala kuandika alichokiona. Leo wewe unaweza yote mawili. Kwa hiyo usikae kungoja. Msimu wa maembe haujafika? Vizuri. Peleka jambo hili katika mkutano wa kijiji sasa, mashimo yachimbwe, siku za kuokota zichaguliwe, na mwandishi wa daftari apatikane. Nzi hahitaji mkutano ili aanze kazi. Sisi tunauhitaji, tena mapema.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nzi wa matunda hukaa siku ngapi ndani ya tunda kabla ya kuingia ardhini? Kwa nini ni muhimu kujua hivyo?
2. Taja mahali 3 kijijini kwenu ambapo matunda mabovu hutupwa.
3. Embe moja lina funza 15. Maembe 12 ya namna hiyo yana funza wangapi?
4. Je, asiyeokota matunda mabovu atozwe faini? Toeni sababu za kukubali na za kukataa.
5. Andikeni barua fupi kwa mwenye shamba anayeishi mbali, mkimwomba aweke mtu wa kuokota matunda yaliyoanguka.